Mtangazaji wa Baba Alipokataa Kuamka

Nyumbani kwa Baba na Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Na mgongo je, ule uliokuwa ukikusumbua kila ukiinama kuchomelea? Unalala vizuri? Naambiwa unakula, ila unakula peke yako, umewapa wenzako kisogo kama mtu aliyesusa. Sisi huku tunashukuru kila kunapokucha. Mama hajambo, ukiacha macho yake. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imechunika kwa sabuni za kufulia mashuka ya hospitali, na hilo unalijua, si jipya. Habari za Baba nitakueleza taratibu. Tulia usome, usikimbilie mwisho wa barua kama ulivyozoea.

Aliyekuletea barua hii ni mchomeleaji mwenzako, yule mwenye mwanya. Alipofika likizo alipita kutusalimu, maskini, hakujua anaingia nyumba gani. Kabla hajamaliza chai nilikuwa nimeshamshika mkono wa shati. Nimemwapisha akukabidhi mkononi na asimame hapo hapo mpaka uifungue. Akikukera, ujue si yeye, ni mimi.

Ningefanyaje? Laini yako haipatikani. Ujumbe wako wa mwisho bado ninao kwenye simu: "Dada, mwambie Baba nimeelewa. Kunyamaza kwake ndiyo jibu. Sitawasumbua tena." Nikakujibu papo hapo, nimesimama katikati ya mapipa ya nguo chafu, glavu mkononi. Haukufika. Nikapiga. Wapi! Tangu siku ile nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, nimepiga mpaka yule mwanamke wa mtandao namchukia kama mke mwenza.

Mdogo wangu, hukuelewa. Hukuelewa hata kidogo, na nitakwambia kwa nini, halafu ukitaka kunikasirikia mimi kwa kuchelewa kukufikia, nikasirikie.

Unakumbuka Baba alipotolewa koo lake na sauti ikaenda nalo, wewe ndiye uliyemtumia ile laptopu, ukamwekea ule mpango wa kuandika maneno na mashine iyatamke. Na sauti uliyomchagulia, we mtoto! Sauti ya mwanamume asiyewahi kucheka tangu azaliwe. Siku ya kwanza Baba aliandika, "Chai haina sukari," na Mama aliyekuwa jikoni akatoka mbio na mwiko mkononi, anauliza ni nani huyo ameingia ndani bila hodi. Tukaiita Mtangazaji. Baba akaipenda kuliko hata sauti yake ya zamani. Alikuwa anaibeba mpaka kwenye soketi ya mlangoni ili abishane bei na muuza nyanya. Muuza nyanya akamwambia, "Mzee, mwambie huyo mwenzio apunguze ukali, mimi ni mtu wa moyo."

Kidole kimoja, herufi moja moja, kwa sababu ya ile mikono inayotetemeka. Alichelewa, lakini alisema. Alimgombeza jirani yetu karani, alinichekesha mimi, alimwambia Mama mambo ambayo miaka yote ya ndoa sikumsikia akimwambia kwa mdomo. Na wewe ukipiga simu, nilikuwa nikiona anavyoiweka simu karibu na spika na kunyoosha kola, utadhani anakwenda kuhojiwa.

Sasa nije siku ile uliyopiga kumwambia kwamba umeongeza mkataba wa kazi, kwamba hutarudi mwaka huu wala mwakani. Ukamwomba radhi yake. Mimi sikuwapo, nilikuwa kazini. Mama alikuwa nyuma anaanika nguo. Baba alikuwa peke yake na simu ikiwa kwenye sauti kubwa, na Mtangazaji alikuwa amekufa.

Wewe ulisikia kimya. Mimi nitakwambia kilichokuwamo ndani ya kile kimya. Baba alikuwa anabonyeza. Alichomeka waya akabonyeza kitufe cha kuwashia, taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii. Akazima, akabonyeza tena. Wewe ukauliza, "Baba, uko radhi nami?" Akabonyeza. Ukasema, "Baba, sema basi, hata kohoa tu nijue upo." Unajua vizuri kwamba hata kikohozi cha kusikika hana, lakini najua uliongea kwa uchungu. Akabonyeza tena. Mama alipoingia na beseni lake la nguo alimkuta ameinama juu ya ile mashine, jasho linamdondoka, na wewe ndiyo unasema, "Sawa, Baba. Nimeelewa." Mama akapiga kelele, "Mwanangu!" Simu ilikuwa imeshakatika.

Nililia waliponisimulia, Mama yale aliyoyasikia dirishani na Baba kwa ishara. Na sasa hivi ninapoandika nalia, kwa hiyo ukiona mahali wino umevimba usiniulize.

Jioni ile nilipofika nikaivaa kazi hiyo mwenyewe. Mimi unanijua, kitu kikikataa nami nakataa. Nikabadilisha soketi. Nikaenda kwa karani nikaazima chaja nyingine, taa ikawaka vile vile, kioo vile vile. Karani akaja na ushauri wake: tutoe betri. Tukatoa, tukabonyeza kitufe tukakishikilia mpaka kidole kikafa ganzi, tukarudisha. Hakuna. Akasema labda ni kioo tu kimeharibika, tuunganishe na televisheni tuone. Televisheni nayo ikatuonyesha giza. Mama akaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akaiombea. Nami, nisikufiche, niliipiga kofi. Baba akaniangalia kama aliyeona nampiga mtu.

Nikasema basi, tutumie njia nyingine. Nikampa kalamu, ikachora mistari ya kuku kwenye vumbi. Nikampa simu yangu, kidole chake kinafunika herufi tatu kwa mpigo, akaandika takataka, akaiweka chini taratibu kwa heshima. Nikamuuliza, "Baba, umemkasirikia mwanao?" Akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka nikaogopa kile kidonda cha shingoni. Nikamwambia, "Basi nitamtafuta kwa njia yoyote nimwambie kwa niaba yako." Akainua mkono: hapana. Akajigusa koo, akaigusa mashine. Anataka kukwambia mwenyewe.

Nikaudhika, mdogo wangu. Nikamwambia, "Baba, huu sasa ni ukaidi." Kisha akachukua chaja na kuichomeka tena, akabonyeza kile kitufe, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nikatoka nje nisimwone.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi. Wanamwita Daktari, kwa sababu kabla ya kufungua mashine huiwekea sikio kwanza. Ana kichumba kati ya mshona viatu na kinyozi. Meza imejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo, skrubu kazipanga kwenye vizibo vya soda, na mwanga unaingia kwa dirisha moja tu, kwa hiyo wateja tunakatazwa kusimama upande ule. Akasikiliza. Akaniuliza tumeifanya nini. Nikamtajia vyote, nikaruka kofi. Akasema, "Na mmeipiga."

Akaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na vumbi la kujaza mto mdogo. Akalipuliza, akachomoa vile vibao vya kumbukumbu akavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akarudisha, akabonyeza. Giza. Akabadilisha hiki na kile kutoka kwenye mashine nyingine. Giza. Mwisho akakaa kitako akaniambia, "Dada yangu, hii haina ugonjwa wa kawaida. Hii ilikatiwa umeme ikiwa inajisasisha. Ndani yake kuna kidude kidogo kama kucha, ndicho kinachoiambia mashine amka, fanya hivi, fanya vile. Kilikuwa kinaandikiwa maagizo mapya, umeme ukaondoka katikati. Sasa kinaamka hakijui kazi yake."

Nikamwambia kwetu umeme haukukatika siku ile. Na betri ya mashine ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu.

"Basi kuna mtu alichomoa," akasema. "Nani huyo anayechomoa mashine inafanya kazi?"

Nikamjibu kwamba kwetu sote tunachomoa. Utamwelezaje mgeni? Wewe mwenyewe umelelewa humo. Nyumba ya Baba, fundi umeme aliyeona nyumba za watu zikiungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa. Hulali bila kuchomoa, hutoki bila kuchomoa, ukipita karibu na waya uliochomekwa bila mtu mkono unakwenda wenyewe. Mtaa mzima wanamwita Mzee Chomoa, na bado akiingia kwa watu anachomolea hata friji zao. Hakuna nyumba nyingine hapa duniani ambayo ingeiua mashine ile kwa namna ile.

Nikaliuliza mezani jioni, na laiti ningenyamaza. Niliuliza tu, "Hivi siku ile nani alichomoa kompyuta?" Mama akaweka kijiko chini akaanza kulia. Akasema ni yeye, bila shaka ni yeye, alipita pale na ufagio, na mkono wake haumwambii unapochomoa, ndiye aliyemnyamazisha mumewe na kumpoteza mwanawe. Kumbe alikuwa na jambo hilo moyoni siku zote hizo, anapika nalo, anafua nalo. Nikaanza kumwambia huenda ni mimi asubuhi kabla ya kwenda kazini, maana kweli nami sikuwa na hakika.

Baba akagonga meza. Tukamgeukia. Akajigonga kifuani. Mama hakuelewa, akaendelea kujilaumu, Baba akajigonga tena kwa nguvu, akaonyesha soketi, akaonyesha mkono wake mwenyewe, akafanya hivi kwa vidole: chomoa. Aliona kioo cheusi akadhani mashine imelala, akaugusa waya ukiwa na joto, akauvuta. Ni yeye mwenyewe, mdogo wangu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alijicheka, Mama naye akaangua kicheko na machozi yake usoni, na mimi nikacheka, tukacheka watatu kama wendawazimu. Halafu Baba akaacha kucheka, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo alipolia.

Daktari alisema kile kidude kinaweza kung'olewa na kuandikwa upya, lakini kifaa cha kuandikia hana, anamsubiri mwenzake arudi nacho kutoka safari. Kila nikitoka kazini nilipita pale. Ikafika mahali akiniona kwa mbali tu anatikisa kichwa kabla sijauliza. Siku nyingine nilikaa kwenye kigoda chake nikimwangalia akitengeneza za wengine, nikizionea wivu zile zinazowaka.

Na katika kungoja huko ndipo Baba alipoanza kushuka. Hili sikutaka kuliandika, lakini nani mwingine atakwambia? Ugonjwa umerudi, sasa uko kifuani. Alianza kuacha chakula, kisha akaacha kutoka nje, kisha akaacha kuketi. Nilimbeba nikampeleka pale kazini kwetu hospitalini, na daktari, safari hii daktari kweli, akaniita koridoni. Aliponiita kwa jina badala ya kuniita dada wa dobi nikajua. Alisema turudi naye nyumbani, tumtunze, tusimchoshe na safari. Nikamuuliza ni muda gani. Alisema wiki, hakusema miezi. Nilirudi kwenye mashine zangu nikakunja mashuka mpaka zamu ikaisha, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mashine ilipona Jumanne ya wiki iliyopita. Daktari alibonyeza, feni ikavuma, nikafumba macho kama kawaida yangu, na nilipofumbua kioo kilikuwa cheupe. Akafungua ule mpango wako, akaandika "habari yako", na Mtangazaji akaitamka pale kati ya mshona viatu na kinyozi, kwa ukali ule ule. Nililia mbele ya wateja. Daktari akanipa kitambaa cha kufutia vioo.

Nilipoifungua mbele ya Baba kitandani, aliiwekea kiganja juu, akakaa hivyo kitambo. Halafu akaanza kukuandikia. Aliandika alasiri nzima. Anaandika, anapumzika, anafumba macho, Mama anampangusa mdomo, anaendelea. Alipomaliza akaniashiria nipige. Nikamwambia, Baba, hapatikani. Akaashiria nipige. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Na yeye, kwa haraka aliyokuwa nayo, simu ilipotoa tu mlio akabonyeza. Mtangazaji akaanza, "Mwanangu, nilikusikia. Kilichonyamaza ni mashine, si mimi," na papo hapo yule mwanamke wa mtandao akaingia na yake, namba unayopiga haipatikani. Wakawa wanasema pamoja, mashine na mashine, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Baba akamzima Mtangazaji. Akaniandikia maneno mawili tu: "Asirithi hili." Sikumwelewa, nikamuuliza, akaongeza: "Kimya changu."

Yaliyobaki ya kwako nimekatazwa kuyasema, na mara hii nitamtii. Nitakwambia hili tu, maana si lake peke yake, hata mimi naliona: hana kinyongo na wewe. Hakuwahi kuwa nacho, hata dakika moja. Mkataba wako alishausikia na akaukubali wakati ule ule ulipokuwa ukidhani amekugeuzia uso. Lakini anataka uyasikie kutoka kwake, na ni haki yake.

Waya sasa hauchomolewi. Mama ameufunga kwenye soketi kwa kipande cha shuka na anakaa karibu nao kama askari wa benki. Baba akiuangalia anatabasamu.

Mama anakusalimu sana, anasema ukiwa na baridi uvae ile sweta hata kama inakubana. Shangazi alikuja, amekaa siku kadhaa, amekuombea kwa sauti mpaka karani akaja kuuliza kuna nini. Karani naye anakusalimu. Hata Daktari, ambaye hamjuani, ameniambia nikuandikie salamu zake. Nisalimie wote unaofanya nao kazi, na yule mwenye mwanya mshukuru, usimnunie.

Sasa sikiliza, ndiyo maana nikaandika. Tangu Alhamisi Baba hawezi tena kuandika maneno mapya. Kidole hakina nguvu. Anatujibu kwa macho. Lakini yale ya kwako yapo yote kwenye kioo, yameshaandikwa, kinachotakiwa ni kubonyeza mara moja tu. Jana alijaribu, nikiwa nimemshikilia kiwiko kwa chini, akaweza. Kesho sijui. Usifikirie tiketi, usifikirie mkataba, usifikirie utasema nini. Washa simu hapo hapo ulipo, mbele ya huyu mchomeleaji, upige. Mimi nitapokea, nitaiweka kifuani kwake. Utasikia kimya, na kitakuwa kirefu. Nakuomba kwa Mungu aliyetupa mama mmoja, safari hii usikate. Ni kidole chake kinatafuta kitufe.

Mungu akulinde ugenini, na atuwekee Baba mpaka simu iite.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapozima simu.